Kopo la Namba Mbili

4 Machi, Jumanne

Nimeunguza kimoja. Naandika hapa kwenye daftari la vipimo kwa sababu nikimwambia Mama Pindo, mtaa mzima utajua kabla chai haijapoa, na nikimwambia Baba atasema "mm". Hiyo "mm" yake leo siitaki.

Mwalimu wa darasa la watoto wasiosikia vizuri aliniletea vikuza sauti tisa wiki iliyopita. Ni vidude vya ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Mtoto anakivaa kifuani, anaweka hedifoni masikioni, Mwalimu anasema kwenye kinasa sauti chake, naye mtoto anasikia. Muhula uliopita vilikufa vyote, kimoja baada ya kingine. Mwalimu anasema bila hivyo anafundisha ukuta. Vipya vya aina hiyo havitengenezwi tena. Shule inafunguliwa tarehe tano Mei, na ahadi yake ni hii: vikipona, vya madarasa mengine navyo vitaletwa kwangu na fundi wa shule nitakuwa mimi. Visipopona, basi.

Kinataka volti sita. Nilichukua chaja ya redio iliyoandikwa sita, nikachomeka, nikasikia harufu. Kumbe chaja ile ikiwa haina mzigo wa kutosha wa kuvuta umeme inatoa tisa. Najua chaja zina tabia hiyo, nimeshawaambia wateja mara mia. Vimebaki vinane.

5 Machi

Nimempigia Mwalimu nikamweleza. Akasema, "Sawa, Fundi. Kimoja." Hilo neno "kimoja" limenikaa kichwani siku nzima.

8 Machi, Jumamosi

Nimeamua. Naacha kubahatisha na chaja za watu, natengeneza kisanduku changu cha umeme wa kupimia. Mafundi wanakiita pawa saplai. Za dukani zipo, za wenye nacho. Changu nataka kiwe na kitufe cha kuzungusha, volti zipande polepole kutoka moja hadi kumi na tano, na juu ya yote kiwe na kikomo: kifaa kigonjwa kikitaka kugugumia umeme kupita kiasi, kisanduku kikinyime. Kifaa kikinyimwa hakiungui. Lengo ni hilo tu.

Transfoma nimeipata kwenye spika ya ukumbi iliyokufa, ganda ni la kompyuta ya zamani, dayodi ninazo. Rezista ninazo kapu zima, zimechanganyika kama dengu na mawe.

Baba amekaa barazani, kiti chake chini ya dirisha la karakana, gazeti mkononi. Amekuwa fundi redio miaka arobaini. Karakana hii ni yake, benchi ni lake, hata kovu la kidole changu cha shahada ni la chuma chake cha kulehemu. Mama alipofariki, mwaka juzi, Baba alimaliza mwezi mmoja kisha akakiweka chuma mezani na kuniambia, "Endelea wewe. Macho yangu yamechoka." Macho gani? Gazeti analisoma bila miwani mpaka matangazo ya viwanja. Watu wanasema ni huzuni. Mimi nasema, humu daftarini, kwamba alinitwika mzigo akaenda kukaa kivulini.

11 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linavuja juu ya benchi kabisa, sehemu nyingine zote kavu. Nimelihamisha benchi.

12 Machi

Mvua.

15 Machi, Jumamosi

Baba ameingia karakana bila kuitwa. Amelitazama kapu, akasema, "Rezista zako aibu tupu. Nipe mita."

Akalichukua kapu na makopo yake matupu, akaketi barazani kuanzia asubuhi. Anaiokota moja, anaibana kwa waya za mita, anasoma, anaitia kopo lake. Moja baada ya moja. Nje mvua, yeye hana habari.

Nikamwambia, "Baba, si usome rangi tu? Utamaliza kabla ya chakula."

"Rangi inafifia," akasema. "Mita haifichi."

Maneno hayo nimeyasikia tangu sijaota meno. Rezista ni kitu kidogo kama punje ya mchele, na namba yake imeandikwa kwa mistari ya rangi kuizunguka. Fundi anasoma rangi kama mtu anavyosoma saa. Baba yeye husoma mita. Nilikuwa najivunia, nikidhani ni ufundi wa hali ya juu kuliko wa wenzake.

Aliyekuwa akisoma rangi ni Mama. Wakati Baba analehemu, yeye aliketi naye anaokota rezista na kusema, "Nyekundu, nyeusi, dhahabu. Kahawia, kijani, nyekundu." Sisi watoto tulijua kuziimba kabla ya kuzijua ni nini. Nikakua na kinyongo juu ya hilo. Miaka yote hiyo mwanamke anasoma rangi, na hata siku moja hakupewa chuma ashike yeye.

Hadi jioni makopo yamejaa, kila moja na karatasi yake na mwandiko wa Baba. Kopo la Baba mimi sijawahi kulikagua maishani mwangu. Ndani ya nyumba hii ni kama kukagua kalenda.

19 Machi

Transfoma inanguruma lakini inatoa. Volti kumi na nane kabla ya kupunguzwa. Umeme wa mtaa ukakatika nikiwa nimeshika koleo. Nikakaa nalo.

22 Machi, Jumamosi

Leo nimelehemu sehemu ya kupunguza volti. Kitufe kinazunguka, mshale unapanda na kushuka taratibu. Nimezungusha mara ishirini bila sababu ya maana.

Kasoro moja: mita yangu haipimi ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Fyuzi yake ya ndani upande huo ilikufa mwaka jana. Nitanunua.

Mama Pindo, fundi cherehani wa chumba cha jirani, amechungulia. "Mwenzangu, unapika nini humo?"

"Umeme."

"Uive vizuri," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

27 Machi

Kikomo. Sehemu hii ni ndogo kuliko zote na ndiyo yenye kazi. Inategemea rezista moja tu. Ukiweka ya namba mbili, kisanduku kinagoma kwenye theluthi moja ya ampea. Ukiweka ya namba moja, kinaruhusu mara mbili yake. Vikuza sauti vya Mwalimu ni vya waya nyembamba mno, kwa hiyo nataka mbili.

Mikono yangu ilikuwa na lehemu ya moto. Nikaita dirishani, "Baba, nipe mbili."

Nikasikia kopo likitikiswa. Mkono wake ukapita dirishani, nikaipokea, nikaivalisha soksi yake nyeupe ya kuzuia joto, nikailehemu. Kazi yote dakika tano.

Fyuzi ya mita sijanunua. Mvua.

1 Aprili, Jumanne

Kimekamilika. Nimefunga skrubu ya mwisho saa nne asubuhi. Volti sita kamili, mshale umetulia kama umegundishwa. Mama Pindo ameletwa kuona, kasema kinafanana na jiko la umeme lililokosa sahani.

Baba alikuja akasimama mlangoni. Haingii mpaka benchi siku hizi, anaishia kizingitini. Kisha akaingia hatua tatu, akaweka kiganja juu ya ganda, akangoja.

"Hakipati joto," akasema. "Vizuri."

Akatoka. Nimefurahi kuliko ninavyopenda kukubali.

3 Aprili

Kikuza sauti cha kwanza kimepona. Kapasita tu ilikuwa imevimba.

5 Aprili

Cha pili.

7 Aprili

Cha tatu. Nimejiwekea hedifoni na kusikia cherehani ya Mama Pindo kupitia ukuta, na Mama Pindo mwenyewe akimsengenya mteja. Kifaa kizuri sana.

9 Aprili, Jumatano

Mwalimu amekuja mwenyewe kuona kazi. Ni mwanamke mrefu, anavaa raba hata kwenye mvua, na anakutazama mdomoni unaposema, nadhani ni mazoea ya darasa. Nikampa hivyo vitatu asikie. Akasikia, akatabasamu. Nikajitia ubingwa. Nikasema, "Subiri uone cha nne."

Cha nne kilikuwa na kapasita iliyogusana ndani, nilijua tangu nilipokipima asubuhi. Kwa kisanduku chenye kikomo hilo si tatizo: unawasha, kinagugumia, kinanyimwa, unagusa kwa kidole ni kipi kinachopata joto, unakibadilisha. Nikamweleza haya yote kwa mbwembwe. Nikawasha.

Hakikunyimwa. Mstari wa shaba kwenye bodi ukawaka mwekundu, ukakatika, moshi ukatoka kwenye tundu la hedifoni. Nilizima haraka lakini koili, ule msokoto wa waya wa ndani, nayo ilikwisha kwenda. Yote hayo hayakufika muda wa kupiga chafya.

Mwalimu hakupaza sauti. Akasema, "Fundi, hiki ni cha pili."

"Ndiyo."

"Mara ya kwanza ulisema ni chaja. Ukasema unatengeneza kitu kisichoweza kuunguza."

"Ndiyo."

"Jumatatu nitarudi. Uniambie kimetokea nini. Nikielewa tutaendelea, nisipoelewa navichukua. Sina pengine pa kuvipata hivi."

Akaondoka na raba zake kwenye matope. Baba alikuwa barazani muda wote. Hata "mm" hakusema.

10 Aprili, Alhamisi

Nimefungua kisanduku. Nimepima kila kitu kinachopimika. Mwisho nikavua ile soksi nyeupe.

Rezista ya mbili inatakiwa iwe nyekundu, nyeusi, dhahabu. Iliyokuwepo ilikuwa kahawia, nyeusi, dhahabu. Ni ya moja.

Nikalileta kopo la namba mbili mezani nikalimwaga. Nusu nyekundu, nusu kahawia, zimekumbatiana. Nikamwaga kopo la mia: sawa zote. La elfu: sawa. Kopo la namba moja nalo mchanganyiko. Ni hayo mawili tu yaliyoharibika, na ni hayo mawili ambayo mita yetu haiwezi kuyatenganisha, kwa sababu waya zake zimechakaa. Ukizigusanisha zenyewe kwa zenyewe tayari zinasoma karibu moja, na mshale unayumba. Kwa rezista za namba kubwa hiyo moja haionekani. Kwa hizi ndogo ni balaa. Lakini mtu akitupa jicho tu anaziona, nyekundu hii na kahawia hii.

Nikatoka nazo barazani kiganjani. Hasira zilikuwa zimeshanifika shingoni.

"Baba, hizi ni za kopo la mbili. Ziangalie."

Akaziangalia. Akaziangalia muda mrefu sana.

"Nilipima," akasema.

"Ulipima nini? Waya za mita peke yake zinasoma moja. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo."

"Ndiyo. Zinasoma moja."

"Basi si ungeangalia rangi! Hata kwa kuibia. Angekuwepo Mama asingekosea hivi."

Akasimama. Akalikunja gazeti mara mbili, akaliweka kitini, akatoka kwenye mvua bila kofia wala mwavuli. Amerudi saa kumi amelowa chapachapa na hakunitazama.

Sioni kwa nini nijute. Nimesema kweli.

11 Aprili

Mvua. Baba hajatoka chumbani.

12 Aprili, Jumamosi

Nitaandika polepole.

Nilikwenda kwa Mama Pindo kuazima mkasi. Anaposhona anaongea, huwezi kumzuia. Akasema, "Baba yako siku hizi kanishangaza. Mwezi jana kaniletea shati lake la kijani lina tundu kiwikoni, na kitambaa cha kiraka kaja nacho mwenyewe. Cha kahawia. Nikamwambia, Mzee, hiki na shati haviendani. Akakishika hivi, akakipapasa, akasema, 'Hicho hicho.' Nikatia. Mtu mzima utambishia nini? Zamani mama yako alikuwa hamwachi atoke na nguo aliyoichagua mwenyewe. Soksi pia. Alikuwa anamfungia jozi kwa uzi."

Nikasema, "Kwa nini amfungie?"

"Wewe ndiye mtoto wao, unaniuliza mimi?"

Mkasi nimeuacha hukohuko. Nimerudi nikakaa benchini.

Baba haoni rangi. Angalau hizo: nyekundu, kahawia, kijani. Macho yake hayajachoka, yalizaliwa hivyo. Fundi redio wa miaka arobaini, kazi yote ni ya mistari ya rangi, na haioni. Ndiyo maana ya mita. Ndiyo maana ya fundo kwenye kila waya aliyowahi kuunga humu ndani: fundo moja kwa chanya, mawili kwa hasi. Nilidhani ni urembo. Ndiyo maana sokoni alikwenda Mama, na Baba akitumwa nyanya alirudi na mbichi na iliyoiva kwenye mfuko mmoja, tukacheka.

Na Mama hakuwa mwanagenzi aliyenyimwa chuma. Alikuwa nusu ya fundi. Walifanya kazi ya mtu mmoja watu wawili, wakatulisha na kutusomesha nayo, na hakuna aliyewahi kujua: wateja hawakujua, sisi watoto hatukujua. Alipokufa Mama, Baba alijaribu mwezi mmoja peke yake. Nimeyakumbuka sasa matengenezo ya mwezi ule. Redio tatu zilirudi. Tukasema masikini, huzuni.

Na mimi juzi nikasimama mbele yake na kumwambia angekuwepo Mama asingekosea.

Nimeona aibu. Nimelia pia, kidogo, nikiwa nimewasha feni ili nisisikike.

Nifanye nini? Nikimwambia najua, nitakuwa nimemvua nguo alizozivaa miaka arobaini. Kama angetaka nijue angesema. Nitanyamaza.

14 Aprili, Jumatatu

Mwalimu amekuja saa tatu kamili, mwavuli unachuruzika. Hakukaa.

"Haya, Fundi. Nieleze."

"Niliweka rezista isiyo sahihi kwenye kikomo. Kikaruhusu umeme mara mbili ya nilioutaka."

"Uliiwekaje isiyo sahihi?"

"Sikuiangalia."

"Namba zake si zinaonekana kwa rangi? Nimesoma mahali."

"Zinaonekana. Sikuangalia."

Alinitazama mdomoni, kisha machoni. "Kisanduku hiki umekitengeneza peke yako?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kiti cha Baba kiko chini ya dirisha, na nilisikia gazeti likikoma kufunuliwa.

"Peke yangu," nikasema.

"Basi samahani. Mtu asiyeangalia siwezi kumwachia." Akaviweka vyote tisa kwenye mkoba, vizima na wafu, akasema anavipeleka kwa fundi wa mjini. Aliaga kwa adabu, na hilo limeniuma zaidi.

Kazi ya shule imekwenda. Sijui kama nimefanya ujinga au la. Ningeulizwa tena ningejibu vilevile.

15 Aprili

Mvua.

16 Aprili

Mvua. Nimenunua fyuzi ya mita. Sasa.

17 Aprili

Nimeweka rezista nyekundu, nyeusi, dhahabu. Nimegusanisha waya za kisanduku kwa makusudi, mita ikasoma theluthi ya ampea na ikagoma kupanda. Kisanduku kimekuwa kama nilivyokitaka, na sina cha kukipa.

Ningepima hivi tarehe ishirini na saba mwezi uliopita, kosa la kopo lingeonekana siku ileile. Naliandika kwa sababu ni kweli: kosa lilikuwa la mikono miwili.

22 Aprili, Jumanne

Baba amevaa shati lake lenye kiraka, amechukua mwavuli, na kopo la namba mbili amelitia mfuko wa koti. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Natembea."

"Na kopo?"

"Nalo linatembea."

Amerudi baada ya saa tatu, viatu vizito kwa matope mekundu ya barabara ya shule. Akavivua, akavipanga, akauliza chakula kipo. Kipo, nikasema. Tukala. Nikamkaribisha kuongeza, akaongeza.

24 Aprili, Alhamisi

Mwalimu amerudi na mkoba.

"Fundi wa mjini hakuvigusa," akasema. "Kasema hajawahi kuviona." Akavipanga benchini kimoja kimoja. Kisha: "Mzee alikuja. Kaniambia kopo alilipanga yeye na rezista ulipewa na yeye. Nikamwuliza, basi kwa nini wewe Mzee hukuangalia? Kasema anayo sababu, ila hajazoea kuisema, nimpe siku." Akanitazama. "Wewe uliniambia peke yako."

"Kisanduku ni changu. Na nilitakiwa kukipima kabla ya kukiamini. Mita ilikuwa haina fyuzi na nikaona uvivu."

"Sasa inayo?"

Nikamwonyesha. Nikazigusanisha waya mbele yake, mshale ukagoma. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu.

"Tarehe tano uvilete mwenyewe darasani," akasema. "Na Mzee aje. Siku ya kwanza tuna somo letu, wageni wote wanalifanya."

26 Aprili

Cha nne, cha tano. Kisanduku kimevinyima umeme mara mbili na hakuna kilichoungua.

Nimeanza kusoma rangi kwa sauti ninapofanya kazi, kama mtu anayejisemea. "Njano, zambarau, nyekundu." Sijui kwa nini. Barazani nimesikia kiti kikivutwa karibu na ukuta.

29 Aprili, Jumanne

Saba. Leo pia nimechukua wafu wawili, vile vilivyoungua, nikaunganisha mabaki yao nikatoa kizima kimoja. Jumla vinane. Cha tisa hakipo tena duniani, na watoto ni tisa. Nimempigia Mwalimu. Kasema huyo wa tisa atakaa karibu na mdomo wake.

2 Mei

Mvua imepungua. Bati limeacha kuvuja sasa hivi nilipopanga kupanda kuliziba.

5 Mei, Jumatatu

Tumefika darasani saa mbili, mimi na Baba. Chumba kina madirisha makubwa, viti vimepangwa nusu duara ili kila mtoto aone midomo ya wengine. Nikawavalisha vikuza sauti, nikarekebisha kimoja kimoja. Mtoto wa tano aliposikia kiti kikiburutwa aligeuka kukitafuta. Mwalimu akaona. Akanigusa bega tu, akaendelea na kazi.

Kisha likaanza somo lao la kwanza. Kila mtoto anasimama, anasema asichokisikia, na anasema wenzake wakae wapi. Wanalifanya kila muhula kwa sababu kuna wapya. Hawaoni haya hata kidogo. Mmoja akasema, "Sikio la kushoto halisikii kabisa. Kaeni kulia kwangu." Mwingine, "Sauti nyembamba sizipati. Msininong'oneze, kaeni mbele yangu." Binti mmoja mwenye pengo akasema yeye hasikii mtu akiwa ameugeukia ubao, na akamtazama Mwalimu, darasa likacheka.

Walipokwisha, Mwalimu akasema, "Wageni nao."

Nikasimama. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Mimi nasikia. Ila nasema kabla sijauliza. Nimemwumiza mtu kwa hilo." Sikumtazama Baba. Watoto wakaitikia kwa vichwa, kwao ni kasoro kama nyingine.

Baba akasimama. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akaizungusha mara mbili, na nikadhani ataketi tena.

"Mimi ni fundi redio," akasema. "Sioni rangi. Nyekundu, kahawia, kijani, kwangu ni rangi moja. Nimezaliwa hivyo. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinisomea, na tulikubaliana tusimwambie mtu, maana nani atampa kazi fundi asiyeona rangi? Amefariki. Nikaacha kazi, nikamwambia binti yangu macho yamechoka. Nilimdanganya. Kile kilichoungua nilikiunguza mimi."

Yule binti mwenye pengo akainua mkono. Hakuwa na habari ya kuungua wala ya kudanganya. Alikuwa anangoja sehemu iliyobaki ya somo.

"Hujasema tukae wapi," akamwambia.

Baba hakuwa amelifikiria hilo. Akaitazama mikono yake, akaufunga wa kulia kama mtu aliyeshika chuma cha kulehemu, akauacha wa kushoto wazi.

"Mkono wa kulia nalehemu," akasema. "Anayenisomea akae kushoto."

Mimi nilikuwa nimesimama kulia kwake. Nikapita nyuma ya viti vya watoto, nikaenda kusimama upande wa pili.